Lami Iliyofunikwa Kabla ya Kuiva

Kapya Chileshe alizaliwa Kampemba, mjini Lubumbashi, mwaka 1964, na hadi leo anaishi mtaa wa Hewa Bora, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo hajawahi kumruhusu mtu mwingine aliguse paa lake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa juu ya mapaa. Akiwa na umri wa miaka kumi na tisa alipanda ngazi akibeba ndoo mbili za lami iliyochemshwa, kwenda kuziba mapaa bapa ya maghala yaliyo karibu na reli. Lami ya mapaa, anaeleza, huchanganywa na vumbi la mawe hadi iwe kama uji mzito, husambazwa kwa ubao na haihitaji kushindiliwa. Ikikosewa, mvua hupenya.

"Pale hakuna mutu anakufa," anasema. "Pale ni mahindi tu inalowa."

Alishuka barabarani mwaka 1989. Huko alikuta kwanza lami ya kumwagwa: gari hunyunyiza lami ya moto juu ya changarawe, vibarua hutupa kokoto kwa sepetu, kisha mtambo wa kushindilia hupita juu yake. Hiyo hutosha kwa njia za pembeni, zipitwazo na baiskeli za makaa na gari moja moja. Barabara za malori hutaka lami ya moto iliyochanganywa kiwandani, nayo ina tabaka mbili. Tabaka la chini ni la kokoto nene na kazi yake ni kubeba uzito. La juu ni la kokoto laini. Huzuia maji na kuyapa matairi mahali pa kushika. Mashimo ya dharura huzibwa kwa lami baridi inayoletwa katika magunia. Kapya huitaja hiyo ya magunia jinsi watu wanavyomtaja jamaa anayekuja msibani wakati wa kula.

Lakini lami iliyoyaongoza maisha yake haionekani kabisa barabara inapokwisha. Ni lami ya maji. Hunyunyizwa nyembamba juu ya tabaka la chini ili ilishike lile la juu. Inapotoka katika bomba huwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu maji bado yamo ndani yake, na ikiwa katika rangi hiyo haishiki kitu. Maji yakiondoka hugeuka nyeusi na kunata.

Katika vikosi vya lami vya Lubumbashi, anayeshika reki ya kwanza, ya kusambazia lami ya moto, ana wajibu usioandikwa katika mkataba wowote. Hukanyaga ukingo wa lami ya maji kwa buti lake, huliinua, husikiliza sauti ya soli inapobanduka, kisha hutamka mbele ya wote: "Imeiva." Kabla ya neno hilo hakuna dereva anayeinua tela lake, hata mhandisi akiwa na haraka kiasi gani. Kapya aliishika reki ya kwanza kwa miaka kumi na saba. Fils, dereva wa mtambo wa kushindilia aliyefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote, anakumbuka siku ambayo malori manne yalisimamishwa saa nzima mjini huku mhandisi akimtukana Kapya kwa lugha tatu. Kapya alikaa juu ya ndoo, akamenya chungwa, akangoja weusi.

Julai 2022 kikosi kilikuwa kwenye barabara ya Kasomeno, mahali ambapo njia inateremka kwa mita mia sita hadi kwenye kizuizi ambacho kila mtu hukiita Bariere. Tarehe ya kukata utepe ilikuwa imekwisha kutangazwa. Ilikuwa imebaki siku mbili. Msimamizi wa kazi aliitwa Dieumerci, kijana mwenye adabu, aliyezoea kuzungumza huku akitazama saa yake. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kali, na upepo ulivuta vumbi jekundu kutoka kingo za barabara na kulilaza juu ya lami ya maji iliyonyunyizwa saa tatu. Ilipofika saa nne ilikuwa bado na rangi ya chai.

Malori matatu ya lami ya moto yalikuwa yamefika kutoka kiwandani, mwendo wa saa mbili na zaidi, yakiwa yamefunikwa turubai. Lami hiyo hutoka kiwandani ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi mia moja na hamsini. Ikipoa mno, mtambo hauwezi kuishindilia tena. Hubaki uvimbe wa mawe meusi, na hutupwa porini.

Dieumerci alichomeka kipimajoto katika lori la kwanza.

"Muzee, iko mia moja na makumi mbili," alisema. "Ikishuka tena, tunatupa truki tatu. Nitaeleza bakubwa nini?"

"Uwaeleze baridi."

Vibarua walicheka. Dieumerci hakucheka.

"Baridi haiitwe ku biro ya bakubwa, Papa Kapya. Ni mie bataita. Na mie nitaita weye."

"Angalia rangi yake. Ile ni chai. Utatandika kitanda juu ya chai?"

"Ikikaa chini ya moto, itajikausha."

"Nani alikufundisha vile?"

"Muzee. Sema."

Kapya aliweka buti ukingoni, akaliinua. Halikutoa sauti. Chini ya soli kulikuwa na maji ya kahawia na vumbi. Fils anasema kwamba Kapya alilitamka neno kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Kapya mwenyewe anakanusha. Alilitamka kwa sauti kubwa, anasema, ili hata yeye asadiki.

"Imeiva."

Tela la kwanza liliinuka. Jioni barabara ilikuwa nyeusi, nyororo, na iliyonyooka, na hakuna macho ambayo yangeweza kuona kilichokuwa chini. Katika kazi iliyofuata Kapya alimpa mwenzake reki ya kwanza, akisingizia mgongo.

Binti yake wa kwanza, Huguette, huuza samaki wa kukaushwa wa Kasenga pale Bariere. Siku za juma hulala katika kijiji cha jirani, na Jumapili hurudi Hewa Bora. Malori ya tangi ya asidi na malori ya shaba hushuka mteremko huo, hufunga breki kwa ajili ya ukaguzi, na wakati karatasi zinapotazamwa madereva hununua chakula. Meza za wanawake zilikuwa ishirini na mbili, zote chini, upande wa kushoto wa anayeshuka.

Jumapili moja ya Oktoba 2023, katika joto linalotangulia mvua, familia ilikuwa ikila bukari, ugali wa mahindi.

"Papa, barabara yako imeanza kucheka," Huguette alisema.

"Inacheka namna gani?"

"Imetoka midomo. Midogo-midogo, kama mwezi mupya. Banamama banasema ni juu ya kusikia Myriam wa pale Bariere anaimba."

Kapya alilirudisha tonge sahanini. "Ile midomo inakata barabara, ao inafuata barabara?"

"Inakata. Juu ya nini unauliza?"

Kapya alinawa mikono.

Nyufa zinazofuata barabara, anavyoeleza, husimulia uzito na umri. Barabara zote huzipata. Nyufa za mwezi zinazokata njia zina habari moja tu. Kila gurudumu linalofunga breki linaivuta ngozi ya juu, na ngozi hiyo haikushikamana na mwili.

Jumatano alikwenda mwenyewe, akiwa na patasi, nyundo na kopo la rangi nyeupe. Ilikuwa saa sita mchana. Aliingiza patasi chini ya mdomo mmoja, na kipande cha ukubwa wa sahani kikanyanyuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake lilikuwamo vumbi jekundu la Julai, kavu, juu ya utando wa kahawia uliofunikwa kwa miezi kumi na mitano. Alikirudisha kipande mahali pake na kukikanyaga taratibu.

Kisha alipiga mstari wa rangi ulionyooka, kuanzia kwenye ukingo wa zege, ambao hauwezi kusogea, hadi juu ya lami. Alhamisi mchana mstari ulikuwa umevunjika pale zege inapokutana na lami: kipande cha upande wa lami kilikuwa kimeteremka nusu ya upana wa kidole. Ijumaa, kidole kimoja. Jumapili, malori yanapokuwa machache, hakikusogea. Jumatatu, vidole viwili. Vipimo hivi aliviandika nyuma ya kalenda ya parokia, na kalenda hiyo ipo. Alipoulizwa kwa nini hakutumia rula, alijibu kwamba pale Bariere hakuna asiyekijua kidole.

Alimfuata Dieumerci katika ofisi yake mjini. Dieumerci alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa daftari la kazi na kumgeuzia.

"Soma, muzee. Saa ine na dakika kumi, Kapya Chileshe alisema imeiva."

"Na joto ya ile asubui, iliandikwa wapi?"

"Joto haina mustari mu kaye," Dieumerci alisema, akiligonga daftari.

"Na rangi?"

"Papa Kapya. Nitatuma bantu na magunia. Lakini tusiongee sana ile mambo. Jina iko hapa ni yako, haiko yangu."

Alitimiza ahadi. Vibarua wawili walikuja na magunia kumi na mawili ya lami baridi, wakaijaza midomo yote na kuipigapiga kwa sepetu. Siku tatu baadaye viraka vilikuwa bado vizima, vya duara, nadhifu. Ila havikuwa tena pale vilipowekwa. Vilikuwa vimeshuka pamoja na ngozi yote, na juu yao midomo mipya ilikuwa imefunguka.

Mchana huo Kapya alisimama mbele ya meza ya binti yake.

"Uhamishe meza."

"Niende nayo wapi? Kule juu truki haisimame."

"Mutoto, ile ngozi itashuka na truki juu yake. Haitafika mbali. Itafika hapa."

"Barabara ni weye ulitengeneza."

"Ni mie."

"Sasa inashuka juu ya nini?"

Akamweleza sababu: baridi, vumbi, malori matatu, buti lisilotoa sauti. Huguette alikuwa akifunga samaki kwa mteja, na hakuacha kufunga. Alimpa mteja furushi lake, akangoja aondoke.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ile siku ya utepe, mie nilikuja na meza yangu mara ya kwanza," alisema Huguette. "Ni weye ulinionyesha fasi. Ulisema, weka hapa, hapa kila truki inapunguza mwendo."

Myriam, mwenye meza ya jirani, ambaye sauti yake ya kuimba ilichekwa na Bariere nzima, alikuwa amesikia kila neno.

"Papa wa gudro," alisema, kwa neno la huko la lami, "uliitengeneza peke yako, ogopa peke yako. Siye tuko na batoto ba kulisha. Huguette, nipe kisu yako, yangu haikate hata hewa."

Hakuna meza iliyohama siku hiyo.

Kesho yake, siku ya Jumanne, Kapya alirudi na sululu na sepetu, akaanza kuibandua barabara. Alichagua njia ya wanaoshuka. Chini ya ngozi, tabaka la kokoto nene lilikuwa zima, na kwa ukwaruzo wake lingeyashika matairi vizuri kuliko ule ulaini wa juu. Kilichomtisha ni wepesi wa kazi yenyewe. Amebomoa barabara nyingi zilizochakaa, na anajua jinsi wanaume watatu wanavyoweza kutokwa jasho asubuhi nzima kwa hatua chache tu za lami iliyoshikamana. Hapa mzee mmoja alitelezesha sepetu chini na kuinua kipande kipana kama mkeka. Madereva walipiga honi, wengine walimwita kichaa. Jumatano alasiri alikuwa amevua mita hamsini.

Ndipo Caleb, polisi wa Bariere, alipopanda mteremko akiwa na karatasi mkononi na kumkamata kwa kuharibu barabara ya serikali. Alimfungia katika chumba cha matofali kilicho nyuma ya kizuizi, hatua kumi kutoka kwenye meza ya mwisho. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, lililotazama mteremko.

Kutoka dirishani Kapya aliona jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa na sululu mkononi. Alhamisi asubuhi lori la kwanza liliifikia sehemu iliyovuliwa, likatikisika, likahama. Madereva hawakupenda ukwaruzo. Waliiacha njia yao na kuteremka kwa ile ya wanaopanda, iliyokuwa laini, nyeusi na nzuri. Neno moja lilikuwa limefunika njia zote mbili siku ile ya Julai. Sasa malori yalikuwa yakishuka upande usio wao, juu ya ngozi ile ile, na yalipofunga breki pua zao zilielekea moja kwa moja kwenye meza na kwenye matofali yaliyo nyuma yake.

Alimwita Huguette dirishani, akamweleza anachokiona. Huguette alichukua kopo la rangi na kupiga mstari wake mwenyewe upande wa pili. Jioni alirudi na kumwonyesha babake kidole kimoja. Kwenye mstari wa kwanza, siku nzima ilikuwa imezaa nusu ya kidole tu.

Ijumaa asubuhi Huguette alijitwika meza yake, akapanda nayo mita zote mia sita, akaiweka kileleni, katikati ya barabara. Myriam alimfuata na ya kwake.

"Usifikiri nimesadiki," Myriam alimwambia akihema. "Mie nafuata fasi truki inasimama. Kama inasimama juu, nauza juu."

Kwa sababu hiyo, zaidi ya sababu nyingine yoyote, wanawake wote walipanda. Saa nne meza ishirini na mbili zilikuwa zimekata njia zote mbili, na mbele yake lilisimama lori la tangi lenye asidi. Dereva wake, Mwelwa, mtu mnene wa makamo, alishuka akiwa na taulo shingoni.

"Banamama, mumefungua soko mu barabara?"

"Shuka na miguu, papa," Huguette alimwambia. "Angalia midomo. Kisha urudi, utaniambia kama utapita."

"Nimepita hapa mara mia."

"Nenda mara moja na miguu."

Mwelwa aliteremka akiburuza viatu na kutabasamu. Alipofika katikati aliinama, akaweka kiganja juu ya lami, akaingiza vidole chini ya ukingo wa ufa, vikaingia. Alirudi polepole zaidi kuliko alivyokwenda. Alitafuta mawe manne makubwa kando ya njia, akayapachika chini ya magurudumu ya lori lake, kisha akaagiza samaki.

Foleni ilikua. Hadi saa saba malori yalifika thelathini, na jua lilikuwa la Oktoba. Chini, Bariere ilikuwa tupu. Alibaki Caleb mlangoni na Kapya ndani. Caleb aliingiza karatasi kati ya nondo. Iliandikwa kwa mashine: mimi Kapya Chileshe nimeharibu kwa mikono yangu barabara nzuri.

"Andika jina, muzee, utoke. Utaita mutoto wako, banatosha meza mu barabara, kila mutu anaenda kwake."

Kapya aliisoma mara mbili. "Utoshe lile neno 'nzuri', isionekane tena, nitaandika."

"Siwezi. Ilipigwa ku Kasomeno."

"Basi fungua mulango, tungoje kule juu."

"Ufunguo haiko hapa. Shefu ndiye alibeba ku Kasomeno, anarudia siku ya kwanza ya juma."

"Caleb, angalia ile mulima. Tuko babili tu huku chini."

Caleb alitazama, akarudi kukaa kwenye kiti chake, lakini alikisogeza hadi nyuma ya ukuta.

Saa tisa Huguette aliteremka na bukari na samaki katika sahani iliyofunikwa. Kapya alikula akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye nondo. Alikuwa amemeza tonge la tatu aliposikia, katika ngurumo za malori yaliyosimama, injini moja ikipanda sauti. Kulikuwa na dereva kule nyuma aliyechoka kungoja. Lori lake, la tangi la asidi, lilitokeza kandokando ya foleni, likapita ukingoni mwa barabara, likaikanyaga meza moja na kuanza kushuka kwa njia ile laini. Breki zake zililia mapema, juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo haikuwa kawaida kuzisikia.

"Toka hapo," Kapya alimwambia bintiye.

Huguette hakutoka. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili na kumtazama Caleb.

Caleb, ambaye kutwa nzima alisema kwamba ufunguo uko Kasomeno, aliutoa mfukoni. Mlango ulipofunguka, wote watatu walikimbilia kwenye mwinuko wa udongo, mbali na barabara, na walipogeuka lori lilikuwa limekwisha kukaa kiubavu. Magurudumu yalikuwa yamefungwa na hayakuzunguka hata kidogo. Lilikuja juu ya ngozi ya barabara kama mzigo unaoburutwa juu ya mkeka, likiikunja mbele yake, bila haraka kubwa. Lilivunja nguzo ya kizuizi, likalala juu ya mahali pa meza, na kichwa chake kikaingia katika ukuta wenye dirisha.

Dereva alitoka kupitia kioo cha mbele, akitambaa. Tangi lilikuwa limepasuka chini. Asidi ilianza kuutafuta mtaro, na kila mahali ilipofika udongo ulichemka na kutoa moshi mweupe uliokaa chini bila kupanda. Caleb alikuwa akimvuta dereva kwa kwapa, akikohoa na kumwambia asipumue.

Kapya alikaa chini, viatu vikiwa vimejaa mchanga. Kando yake Huguette, akiwa ameelekeza kidole kileleni, alikuwa akiwahesabu wanawake kuona kama wako wote, na kila mmoja aliposogea alianza upya.